Toa Pumzi, Usivute Nyingine

Maribor, mwezi wa pili, saa moja asubuhi na bado giza.
Barafu imeuma kingo za Drava; katikati mto unakwenda.
Bwana Gorazd amevua saa, mkanda, na pete ya ndoa
iliyogoma kwenye kifundo hadi nikaleta sabuni.
"Miaka thelathini na minane," asema,
"nimefungua na kufunga milango ya bwawa pale Fala.
Leo nafungiwa mimi."
Namwambia apige moyo konde.
"Huu?" anacheka. "Huu unajipiga wenyewe."

Nabandika vibandiko vinne kifuani penye mvi,
namsukuma ndani ya tundu jeupe, naketi nyuma ya kioo.
Kila tone la mwili lina pia ndogo zizungukazo;
sumaku huzipanga, redio huzisukuma,
nazo zikiyumba hujibu, nami nasikiliza.
Mfupa hukaa kitako ukahojiwa.
Ini nalo huvumilia.
Moyo haukai.
Ndiyo kazi yake, kutokaa.

Basi nauvizia. Mstari wa umeme ukipanda kilele, naiba kipande;
kilele kingine, kipande kingine,
mapigo kumi na mawili kwa picha ya pigo moja.
Picha ya moyo ni uongo wenye heshima zake:
pigo hilo halikuwahi kupiga,
limeshonwa kwa viraka vya ndugu zake.

"Toa pumzi. Usivute nyingine."
Mashine inagonga kama fundi bati anayedaiwa.
"Pumua."

Viraka huafikiana ndugu wakifanana.
Wa Gorazd hawafanani. Pigo, pigo,
kisha moja linakuja kabla ya zamu yake,
kisha kimya kirefu, cha mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Kwenye skrini ukuta wa moyo una mizimu,
vivuli vitatu vya ukuta mmoja vikipishana hadi mgongoni.
Tunarudia. Tunarudia.
Mara ya tano naona kifua kikiiba pumzi katikati,
kidogo tu, kama mtoto na kopo la sukari.

Najaribu njia nyingine: picha za papo kwa papo,
pigo zima kwa mkupuo, chembe nene kama uji usiochujwa.
Siungoji tena ukae sawa.
Na hapo, mlangoni pa mshipa mkuu, nauona
ulimi mweusi ndani ya damu nyeupe.
Si shimo. Si donge.
Ni damu iliyobanwa, ikakimbia mno, ikavurugana,
kila tone likijibu kwa sauti yake
hadi sauti zikafutana.

Napima mwendo. Nakadiria mita mbili na nusu kwa sekunde,
na katikati ya mshipa damu inageuka rangi,
inasema inarudi moyoni.
Kosa ni langu. Anayekwenda kasi kuliko kipimo
huandikwa kuwa anarudi nyuma.
Napandisha kipimo hadi mita tano, nayo inasema kweli:
nne na ushei.

Anatoka nywele zimesimama, anaomba kuona.
Taratibu inasema daktari kwanza.
Nageuza skrini.
Anautazama ule ulimi, kidole chake hewani.
"Mlango wa tatu," anasema. "Kiangazi kimoja kutu iliukamata,
ukawa haufunguki zaidi ya shibiri.
Maji hayakupungua hasira, yaliongezeka.
Ngurumo ilifika hadi jikoni kwetu.
Vida alikuwa akizima redio, aisikilize."
Kisha ananiuliza kama siku hizi wanatengeneza bawaba
au wanabadilisha mlango mzima.
"Atakuambia daktari," nasema,
na sauti yangu inatoka nyembamba.

Pete haikubali tena kurudi kidoleni.
Anaitia mfuko wa shati, upande wa kushoto,
na wakati nikijaza fomu naona kitambaa kikiruka,
kikiruka,
kikisita,
kikiruka.